Wasomaji Wanauliza: Utafiti wa Ufugaji Usioharibu Mazingira

Barua kuhusu mifugo na tabianchi zimeendelea kuingia, na nyingi zinazunguka jambo moja: kila mwaka utafiti hutangaza matokeo makubwa, lakini mfugaji, mwanafunzi na mlaji wa kawaida hawajui washike lipi. Tumechagua maswali machache na kuyafupisha bila kubadilisha maana yake. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Nimesoma kwamba mifugo huchangia asilimia 18 ya gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu, kwingine nikakuta asilimia 14.5, na kwingine 12. Je, mifugo imepungua, au kuna anayetudanganya?

Takwimu zote tatu zimetoka mahali pamoja, yaani Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), nazo hazimaanishi kwamba mifugo imepungua. Ya kwanza ilitolewa mwaka 2006, ya pili mwaka 2013 ikitumia hesabu za mwaka 2005, na ya tatu mwaka 2023 ikitumia hesabu za mwaka 2015, ambapo ufugaji wote duniani ulikadiriwa kutoa gesijoto zenye nguvu sawa na tani bilioni 6.2 za hewa ukaa. Kati ya ripoti moja na nyingine zilibadilika data, mbinu za kukokotoa, na hata mipaka ya kinachohesabiwa kuwa ni cha ufugaji. Isitoshe, asilimia ni mgawanyo: sehemu ya mifugo inaweza kushuka huku gesi zake zikibaki zilezile, mradi gesi za viwanda na za mitambo ya umeme zimeongezeka. Ni kosa, basi, kuzipanga takwimu hizo kwenye mstari mmoja na kutangaza kwamba ufugaji unazidi kuwa safi.

Ile ya mwaka 2006 ilizua mzozo ambao hadi leo haujatoka masikioni mwa watu, kwa kuwa iliambatana na tamko kwamba mifugo huchafua hewa kuliko usafiri wote. Mwaka 2010 Frank Mitloehner wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alionyesha kwamba ulinganisho huo haukuwa wa haki: upande wa mifugo ulihesabiwa tangu mbolea inayokuzia malisho, ilhali upande wa usafiri ulihesabiwa moshi wa injini peke yake, bila utengenezaji wa magari wala uchimbaji wa mafuta. Mmoja wa waandishi wa ripoti aliikubali dosari hiyo. Kilichoanguka ni ulinganisho. Hesabu ya mifugo yenyewe haikuanguka pamoja nao, ingawa wapo waliotaka tuamini hivyo.

Nafuga ng'ombe wa maziwa ambao hawatoki bandani. Nasikia kuna mwani, na kuna unga wa kuchanganya kwenye chakula, vyote vya kuzuia ng'ombe kutoa methani. Je, vinafanya kazi, na maziwa yanabaki salama?

Tuanze tumboni. Ng'ombe hameng'enyi nyasi peke yake. Kazi hiyo hufanywa na vijiumbe wasiohesabika wanaoishi katika tumbo la kwanza, yaani rumeni, ambao huchachusha nyuzinyuzi na kuzigeuza kuwa asidi ambazo mnyama huzitumia kama chanzo chake kikuu cha nguvu. Uchachushaji huo huzalisha hidrojeni, na hidrojeni ikirundikana, uchachushaji wenyewe hudorora. Hapo ndipo linapoingia kundi la vijiumbe waitwao arkea, ambao huiunganisha hidrojeni na hewa ukaa wakatengeneza methani. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za methani hiyo hutoka kinywani na puani, kwa mbweu na pumzi, wala si upande wa nyuma kama mizaha inavyodai. Kwa mfugaji pia ni hasara, kwa sababu asilimia 2 hadi 12 ya nguvu iliyokuwamo katika chakula hupotea hewani kwa njia hiyo.

Unga uliousikia bila shaka ni kemikali inayoitwa 3-NOP, inayouzwa kwa jina la Bovaer. Hukizuia kimeng'enya ambacho arkea hukitegemea katika hatua ya mwisho ya kutengeneza methani, kisha huvunjwavunjwa humo humo tumboni. Majaribio mengi ya ng'ombe wa maziwa yameonyesha upungufu wa methani unaokaribia asilimia 30 kwa wastani. Wastani huo, hata hivyo, una masharti: nguvu ya kemikali hii hupungua kadiri chakula kinavyozidi kuwa na nyuzinyuzi, hivi kwamba ng'ombe anayelishwa mabua makavu hawezi kutarajiwa kuonyesha upungufu uleule wa ng'ombe anayelishwa silaji na nafaka. Chile na Brazili ziliiidhinisha mwaka 2021, Umoja wa Ulaya mwaka 2022 baada ya mamlaka yake ya usalama wa chakula kuichunguza, na Marekani mwaka 2024. Mwishoni mwa mwaka huo wa 2024 ilizuka taharuki Uingereza, watu wakijipiga picha wakimwaga maziwa, na mamlaka ya viwango vya chakula ya nchi hiyo ikalazimika kueleza hadharani kwamba maziwa ya ng'ombe waliolishwa kiongeza hicho ni salama kunywewa. Idhini ya mamlaka haizuii ufuatiliaji kuendelea, nami nadhani ufuatiliaji wa afya ya ng'ombe wenyewe, katika mashamba ya kawaida na kwa miaka mingi, ndio unaostahili kuangaliwa zaidi kuliko hofu ya glasi ya maziwa.

Mwani ni habari nyingine. Unaozungumziwa si kila mwani bali mwani mwekundu wa jenasi Asparagopsis, ambao umebeba bromofomu, na bromofomu ndiyo inayowanyima arkea nafasi ya kumaliza kazi yao. Watafiti wa Australia ndio waliotangulia kuuonyesha uwezo wake katika maabara, na mwaka 2021 kundi lililoongozwa na Ermias Kebreab wa Chuo Kikuu cha California, Davis, lilichapisha jaribio la wiki 21 kwa ng'ombe wa nyama ambapo methani ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Takwimu hiyo ndiyo iliyozunguka dunia. Iliyozunguka kidogo ni kwamba upungufu mkubwa namna hiyo ulipatikana kwa wanyama waliokuwa wakila chakula chenye nyasi kidogo. Walipojaribiwa ng'ombe wa malishoni kwa vidonge vya mwani huo, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024, upungufu ulikuwa karibu asilimia 40. Katika jaribio lililofanyika Uholanzi baadhi ya ng'ombe waliukataa mwani, bromofomu ilionekana katika maziwa na mkojo, na ng'ombe waliochunguzwa baada ya kuchinjwa walikuwa na dalili za kudhurika kwa ukuta wa rumeni. Bromofomu ni miongoni mwa kemikali ambazo mamlaka za maji huziwekea kikomo katika maji ya kunywa, kwa hiyo suala la kipimo si dogo. Kuna pia swali la kiasi: mwani wa kulisha hata sehemu ndogo ya ng'ombe wa dunia ungehitaji mashamba makubwa ya baharini, na bromofomu huyeyuka hewani upesi mwani usipokaushwa na kuhifadhiwa kwa uangalifu.

Kwako wewe mwenye ng'ombe bandani, vitu hivi vinaweza kufanya kazi, kwa sababu unakidhibiti kile kinachoingia kwenye hori kila siku. Ila fahamu kwamba majaribio hayajaonyesha kwa uthabiti kwamba maziwa yataongezeka, na maana yake ni kwamba utanunua kitu ambacho faida yake inawaendea watu wote huku gharama ikibaki kwako. Nchi zinazovisukuma viongeza hivi zinafanya hivyo kwa ruzuku, kanuni au malipo ya ziada kutoka kwa wanunuzi wa maziwa. Pasipo mambo hayo, fedha ileile ukiiweka kwenye malisho bora yaliyovunwa mapema, kabla hayajakomaa na kuwa magumu, utapunguza methani kwa kila lita na kuongeza maziwa kwa wakati mmoja.

Je, haiwezekani kuzalisha mbegu ya ng'ombe au kondoo anayetoa methani kidogo kwa kuzaliwa?

Inawezekana, na imekwisha kufanyika. Watafiti wa New Zealand waliwapima kondoo mmoja mmoja ndani ya vyumba maalumu, wakawatenga wenye methani nyingi na wenye methani kidogo, wakawazalisha kila kundi peke yake. Baada ya vizazi vitatu tofauti kati ya makundi hayo ilifikia takriban asilimia 10 au zaidi kidogo. Walipotazama ndani, waliwakuta kondoo wa methani kidogo wana rumeni ndogo, ambamo chakula hakikai muda mrefu. Nchini Kanada, tangu mwaka 2023, madume wa ng'ombe wa maziwa huorodheshwa pia kwa sifa hiyo, ambayo hukadiriwa kwa kumulika sampuli za maziwa ya mabinti zao kwa mwanga wa infraredi, ili mfugaji anayenunua mbegu za uhimilishaji aweze kuchagua.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haimdai mfugaji chochote cha kila siku, na faida yake hujilimbikiza kizazi hadi kizazi. Ubaya wake ni upole wake, maana asilimia hizo hupatikana kwa miaka mingi. Mimi ningeongeza tahadhari moja: mnyama mwenye rumeni ndogo hafai kupelekwa bila majaribio mahali ambapo chakula chake kitakuwa nyasi kavu na ngumu, kwa sababu nyasi za namna hiyo zinahitaji kukaa tumboni muda mrefu ndipo zimeng'enywe.

Nimemsikia mtaalamu mmoja akisema methani ya ng'ombe haina madhara kwa kuwa hupotea hewani baada ya miaka 12. Kama ni kweli, kelele zote hizi ni za nini?

Nusu ya kwanza ya usemi wake ni kweli. Methani hudumu angani kwa takriban miaka 12 kwa wastani, ilhali sehemu ya hewa ukaa inayotoka kwenye makaa ya mawe na mafuta hubaki kwa karne nyingi. Lakini katika muda wake huo mfupi methani hunasa joto kwa nguvu mno: kilo moja huongeza joto sawa na takriban kilo 28 za hewa ukaa ukipima kwa miaka 100, na karibu 80 ukipima kwa miaka 20. Fikiria mtungi unaovuja ambao hujazwa kila siku kwa kiasi kilekile: maji hayapandi, lakini pia hayaishi. Ndivyo ilivyo kwa kundi la ng'ombe lisiloongezeka. Methani yake haiongezi joto jipya kubwa, ila huliendeleza joto ambalo imekwisha kulileta.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, akiwamo Myles Allen, walipendekeza mwaka 2018 kipimo kingine kinachozingatia tabia hiyo, na kwa upande wa sayansi ya joto lenyewe ni kipimo chenye hoja nzuri. Tatizo huanza kinapotumika kugawa lawama. Nchi yenye mamilioni ya ng'ombe tangu zamani, ikipunguza kidogo tu, itaonekana kana kwamba inaipoza dunia. Nchi yenye ng'ombe wachache inayoongeza kidogo ili watoto wapate maziwa itaonekana mkosaji mkubwa. Aidha, ufupi huo huo wa maisha ya methani ndio sababu ya kuikabili mapema, kwa kuwa ikipunguzwa leo matokeo yataonekana ndani ya miongo miwili badala ya karne. Mantiki hiyo ndiyo iliyozaa ahadi ya kimataifa ya mwaka 2021, iliyotolewa Glasgow, ya kupunguza methani ya vyanzo vyote vya binadamu kwa asilimia 30 ifikapo mwaka 2030 kutoka kiwango cha mwaka 2020.

Sisi ni wafugaji wa kuhamahama. Tafiti ninazosoma ni za ng'ombe wa bandani wa nchi tajiri. Je, kuna anayetupima sisi, au tunahukumiwa kwa hesabu za wengine?

Kwa muda mrefu mlihukumiwa kwa hesabu za wengine. Nchi nyingi zilijaza taarifa zao kwa viwango vya jumla vya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, ambavyo humpa kila ng'ombe wa eneo fulani kiasi kimoja cha methani kwa mwaka. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), yenye makao makuu Nairobi, ilijenga maabara yenye vyumba vya kupimia pumzi za ng'ombe, na watafiti wake wakaonyesha kwamba kanuni zinazodhani mnyama hula hadi kushiba mwaka mzima hazimfai mnyama anayekonda kiangazi na kunenepa masika.

Vipimo vya mahali husika havileti faraja tupu. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo yaliyohusu maboma ya ng'ombe katika maeneo makavu ya Afrika. Samadi inayolundikana bomani usiku baada ya usiku huendelea kutoa nitrasi oksaidi, ambayo ni gesi kali kuliko methani kwa uzito uleule, hata miaka mingi baada ya boma kuhamwa, na chanzo hicho kilikuwa hakimo katika hesabu za dunia. Mtu angeweza kuishia hapo na kuwalaumu wahamaji. Lakini miaka miwili kabla, kundi la wanaakiolojia lilikuwa limechapisha matokeo ya maboma ya kale ya kusini-magharibi mwa Kenya, yenye umri wa takriban miaka 1,500 hadi 3,700, ambayo udongo wake bado una rutuba kuliko ardhi inayoyazunguka na nyasi zake bado huwavuta wanyamapori. Samadi ileile, kwa hiyo, ni gesi kwa upande mmoja na ni rutuba ya milenia kwa upande mwingine, na hesabu inayotaja upande mmoja tu ni hesabu pungufu. Ukitaka kulifanyia kazi jambo hili, njia iliyo karibu ni kuisambaza samadi ya boma lililohamwa kwenye mashamba au malisho badala ya kuiacha imelundikana.

Mtaambiwa pia kwamba lita moja ya maziwa yenu hutoa gesi nyingi kuliko lita ya ng'ombe wa kisasa. Kwa hesabu ya lita ni kweli, kwa sababu ng'ombe anayezaa kwa nadra na kutoa maziwa kidogo bado anakula na kubeua mwaka mzima. Ndiyo maana chanjo, tiba ya magonjwa ya kupe na kupunguza vifo vya ndama ni hatua za mazingira sawasawa na mtambo wowote. Hata hivyo, ng'ombe wenu si mashine ya maziwa peke yake. Ni akiba, ni bima ya mwaka wa ukame, ni mahari, ni mbolea, na mara nyingine ni nguvu ya kukokota plau. Ukiitwika lita moja ya maziwa mzigo wote wa gesi, umevipa vitu hivyo vingine thamani ya sufuri.

Kuhusu dai kwamba malisho yakipangwa vizuri udongo utaimeza hewa ukaa yote ya mifugo, dai lililopewa umaarufu mkubwa na Allan Savory wa Zimbabwe, ripoti iliyoandaliwa Oxford mwaka 2017 ilikadiria kwamba hata katika mazingira mazuri kabisa udongo ungefidia asilimia 20 hadi 60 ya gesi za mifugo ya malishoni, tena kwa miongo michache tu kabla haujajaa. Kupumzisha malisho kuna faida nyingi za maji, nyasi na udongo. Si lazima kuzitetea kwa dai ambalo vipimo havilibebi.

Je, yapo malisho ambayo yenyewe hupunguza uharibifu?

Yapo, na hapa ndipo utafiti unaponivutia kuliko penginepo. Nyasi za brakiaria asili yake ni Afrika, lakini zilienea Amerika Kusini na kuwa malisho ya mamilioni mengi ya hekta kabla ya kuanza kurudi zikiwa zimeboreshwa. Mwaka 2009 watafiti wa Japani, wakishirikiana na wenzao wa Kolombia, walieleza kwamba mizizi ya brakiaria ya spishi humidicola hutoa dutu inayowazuia bakteria wa udongo wasiigeuze nitrojeni ya amonia kuwa naitreti. Nitrojeni hiyo hubaki udongoni ikitumiwa na nyasi badala ya kuoshwa hadi mitoni au kupanda hewani kama nitrasi oksaidi. Nyasi inafanya bure kazi ambayo kwingineko hufanywa na kemikali za dukani.

Kisa cha lusina nacho kinafaa kukumbukwa. Mti huu jamii ya kunde una majani yenye protini nyingi, na ukipandwa ndani ya malisho hupunguza haja ya mbolea na ya vyakula vya kununua. Majani yake yana sumu iitwayo mimosini, ambayo huko Australia iliwadhuru ng'ombe, ilhali mbuzi wa Hawaii waliyala bila kudhurika. Raymond Jones, mtafiti wa Australia, alihisi kwamba siri imo katika vijiumbe vya rumeni za mbuzi hao. Vijiumbe vikahamishiwa kwa ng'ombe wa Australia, navyo vikawakinga. Bakteria aliyehusika alipewa mwaka 1992 jina la Synergistes jonesii, kwa heshima yake. Hapakuhitajika kuibadili mbegu ya mti wala ya ng'ombe.

Ni kweli kwamba kilo moja ya nyama ya ng'ombe hutumia lita 15,000 za maji?

Takwimu hiyo ni ya kweli kama wastani wa dunia, lakini zaidi ya asilimia 90 ya maji hayo ni mvua iliyonyesha juu ya malisho na mashamba ya chakula cha mifugo, ambayo ingenyesha hapo hata kama ng'ombe hayupo. Swali lenye maana ni kiasi gani kilichukuliwa kutoka mitoni na visimani, katika bonde gani, na nani mwingine alikuwa akiyahitaji. Jibu lake ni tofauti kabisa kati ya shamba la majani linalomwagiliwa jangwani na mbuga inayotegemea mvua.

Nina mtambo wa biogesi unaotumia samadi. Je, naweza kusema ufugaji wangu sasa hauna madhara?

Mtambo wako hushughulikia methani ya samadi, ambayo kwa ng'ombe huwa ni ndogo kuliko ile inayotoka kinywani. Faida yake hutegemea samadi ingekuwa wapi kama mtambo usingekuwapo. Samadi ya majimaji iliyohifadhiwa shimoni bila hewa hutoa methani nyingi, na kuinasa kwa biogesi ni ushindi mkubwa. Samadi kavu iliyotandazwa malishoni hutoa methani kidogo sana, hivyo kuikusanya kwa ajili ya mtambo hakuokoi kingi upande huo, ingawa kunaokoa kuni na moshi wa jikoni. Kagua mabomba na kuba mara kwa mara, kwa sababu mtambo unaovuja unaweza kula faida yake yote.

Usisahau tope linalobaki. Nitrojeni yake yote bado imo, tena katika hali ambayo mimea huipata kwa urahisi, na kwa sababu hiyohiyo amonia huiponyoka upesi likiachwa wazi juani. Lifunike, kisha lichanganye na udongo mara tu unapolimwaga. Nchini Denmark wafugaji wengine huongeza asidi kwenye samadi ya majimaji ili kuizuia amonia; ni mbinu inayofanya kazi, lakini inataka vifaa na usimamizi ambao mfugaji mdogo hana sababu ya kuuhangaikia.

Kwa nini tusiachane na ng'ombe tukafuga kuku, ambao hawatoi methani tumboni?

Ukipima gesi kwa kila kilo ya protini, kuku humshinda ng'ombe kwa mbali. Ukipima ushindani na chakula cha binadamu, picha hugeuka. Wataalamu wa FAO walikadiria mwaka 2017 kwamba asilimia 86 ya chakula cha mifugo yote duniani ni vitu ambavyo binadamu hali, kama nyasi na mabaki ya mazao, lakini kwamba thuluthi moja ya nafaka za dunia huishia kwa mifugo, na kuku na nguruwe ndio walaji wake wakubwa. Funza wa nzi askari mweusi, walioruhusiwa katika chakula cha kuku na nguruwe cha Umoja wa Ulaya mwaka 2021, wanaweza kusaidia iwapo watalishwa taka. Wakilishwa pumba ambazo kuku angezila mwenyewe, tumeongeza hatua moja ya upotevu.

Nasomea shahada ya sayansi ya wanyama. Je, teknolojia hizi zikitumika zote zitatosha, na ni eneo gani la utafiti lenye pengo?

Mwaka 2022 watafiti walipitia machapisho 430 yenye mbinu 98 za kupunguza methani ya wanyama wanaocheua. Walihitimisha kwamba zile zenye nguvu zaidi, zikitumiwa kikamilifu duniani kote, zingeweza kuiweka methani hiyo kwenye njia ya kuzuia joto la dunia lisipande zaidi ya nyuzi 1.5 hadi mwaka 2030, lakini si hadi mwaka 2050, kwa sababu mahitaji ya nyama na maziwa yanaendelea kukua. Marekani ni mfano wa pande zote mbili: mwaka 2007 lita ya maziwa ilizalishwa kwa takriban asilimia 37 ya gesi za mwaka 1944, na ng'ombe wakiwa wachache zaidi, ila samadi ilirundikana katika mabwawa makubwa yenye matatizo yake. Kwa hiyo anayekula nyama nyingi kila siku hawezi kuliachia tumbo la ng'ombe kazi yote, na mtoto asiyepata kikombe cha maziwa hawezi kuhesabiwa katika lawama hiyo.

Pengo kubwa, kwa maoni yangu, liko kwa mnyama wa malishoni. Karibu viongeza vyote vya leo vinataka mnyama ale kipimo chake kila siku, ilhali idadi kubwa ya ng'ombe, kondoo na mbuzi duniani hawaoni hori. Wapo wanaotafuta kidonge kinachokaa rumeni na kuachia dawa taratibu kwa miezi, wapo wanaotafuta chanjo itakayoufanya mwili wa mnyama utengeneze kinga dhidi ya arkea na kuipeleka tumboni kupitia mate, na wapo wanaojaribu kubadilisha vijiumbe vya ndama katika wiki zake za kwanza ili athari idumu hadi utu uzima. Hakuna kati ya hizo iliyo tayari kwa matumizi mapana. Ukichagua mojawapo, jifunze pia kupima malishoni, kwa sababu matokeo ya chumba cha maabara, kama tulivyoona kwa mwani, hayatabiri vizuri kinachotokea nyasi zinapokauka.